Kifuniko cha Pikapu na Mzigo wa Mkulima

Sisi wakaaji wa Kyela tunaijua mvua. Wilaya yetu iko bondeni, kaskazini ya Ziwa Nyasa. Upande mmoja kuna milima ya Livingstone. Upande mwingine nchi inapanda kwenda Tukuyu na Mlima Rungwe. Hewa yenye unyevu hutoka ziwani, hupanda milimani, hupoa, kisha huwa mvua. Kwa mwaka mmoja tunapata mvua ya zaidi ya milimita 2,000. Sehemu nyingi za Tanzania hazipati hata nusu ya hiyo.

Mvua hiyo ndiyo inayotupa mpunga, kakao, ndizi na mawese. Lakini mvua hiyo hiyo huharibu mazao yakiwa njiani. Mkulima amepalilia, amevuna, amevundika kakao yake siku sita, na kuianika kwa siku nyingi. Kisha gunia linanyeshewa kwa nusu saa likiwa nyuma ya pikapu. Kazi ya msimu mzima inapungua bei kabla haijafika ghalani.

Siku hizi tunaona pikapu nyingine zimefunikwa nyuma kwa kifuniko kigumu kinachokunjwa. Watu wanauliza maswali. Je, kifuniko hiki kinazuia mvua kweli? Kinafaa kwa magunia yetu? Je, chama cha msingi kikipata pikapu, kinunue na kifuniko? Maswali haya ni mazuri, kwa sababu kifuniko hiki ni cha bei kubwa, na fedha za chama ni za wanachama wote. Tuyaangalie polepole.

KIFUNIKO HIKI NI KITU GANI

Pikapu ni gari dogo la mizigo. Mbele ni chumba cha dereva. Nyuma ni bodi, yaani sehemu ya wazi ya kuwekea mizigo. Bodi ina kuta tatu zisizofunguka. Ukuta wa nne ni mlango wa nyuma, ambao hufunguka kwa kulala chini. Juu ni wazi, mvua na jua huingia watakavyo.

Tangu zamani watu wamefunika bodi kwa turubai. Wazee wanazikumbuka Land Rover zilizokuwa na turubai juu ya vyuma vilivyopindwa kama upinde. Turubai bado lipo, nasi tutalirudia baadaye.

Kifuniko kigumu ni kitu kingine. Kina vipande vitatu au vinne, na kila kipande ni kama ubao mpana. Vingine ni vya alumini, na vingine ni vya plastiki ngumu. Aina nzuri ina ngozi mbili, ya juu na ya chini, na katikati kuna povu gumu lililo jepesi. Kipande kimoja kimeungana na kingine kwa bawaba, kama mlango na fremu yake. Mahali vipande vinapokutana pamewekwa mpira ili maji yasipite.

Ukitaka kuelewa zaidi, chukua karatasi ndefu. Ikunje mara mbili upate sehemu tatu zilizo sawa. Ilaze mezani imenyooka. Hivyo ndivyo kifuniko kinavyokaa kikiwa kimefungwa. Sasa inua sehemu ya mwisho, ilaze juu ya ile ya katikati. Kisha zinue zote mbili pamoja, zilaze juu ya ile ya kwanza. Hivyo ndivyo kinavyofunguliwa. Kipande cha kwanza, kilicho karibu na chumba cha dereva, hakiondoki mahali pake. Vile vingine viwili hulala juu yake.

Kifuniko hukaa juu ya reli mbili. Reli moja iko kulia, nyingine kushoto, juu ya kuta za bodi. Mara nyingi reli hizo hubanwa kwa mabanio ya skrubu, kwa hiyo fundi hahitaji kutoboa bodi. Ndani ya reli kuna mfereji mdogo. Maji yanayopenya pembeni huingia katika mfereji huo, hufika kwenye kona, kisha hushuka kwa mpira mwembamba mpaka chini ya gari.

Ndugu msomaji, hapo simama kidogo. Kwa nini mtengenezaji ameweka mfereji? Ameuweka kwa sababu anajua kuwa maji yatapita. Kama mpira ungezuia kila tone, mfereji usingekuwa na kazi. Basi muuzaji akikuambia kuwa kifuniko chake hakipitishi hata tone moja, mwonyeshe mfereji huo na umwulize ni wa nini.

MAJI HUPITA WAPI

Maji hupita mahali panne. Hupita katikati ya kipande na kipande, mpira ukiwa umechakaa au umejaa mchanga. Hupita mbele, nyuma ya kioo cha chumba cha dereva, kwa sababu gari likikimbia upepo husukuma maji huko. Hupita kwenye kona mipira ya kutolea maji ikiziba kwa majani na tope. Lakini mahali pabaya zaidi ni mlango wa nyuma. Bodi nyingi zina nafasi kati ya mlango wa nyuma na sakafu. Unaweza kupitisha kidole. Kifuniko kinafunika juu tu, hakiwezi kuziba nafasi hiyo. Magurudumu yanaporusha maji ya barabarani, maji huingia kwa chini. Wakati wa kiangazi vumbi hupita hapo hapo. Gari likienda mbio hewa iliyo nyuma yake huzunguka na kurudi, nayo hubeba vumbi na kuliingiza ndani. Ndiyo maana mtu hufunga kila kitu vizuri, na bado akifika anakuta magunia yamekuwa mekundu.

Kuna njia rahisi ya kupima kifuniko. Darasa linaweza kuifanya pamoja kama mwenye gari akikubali. Tandikeni kadibodi kavu katika sakafu yote ya bodi. Fungeni kifuniko na mlango wa nyuma. Mwagieni ndoo tano au sita za maji juu yake, polepole, mkianzia mbele. Ngojeni robo saa. Fungueni, mtazame kadibodi. Palipolowa ndipo penye kasoro. Halafu angalieni chini ya gari kama maji yanatoka kwenye mipira ya kona zote. Kona isiyotoa maji imeziba, nayo huzibuliwa kwa waya laini au kwa kupulizwa.

Mpira wa mlango wa nyuma unaweza kununuliwa peke yake na kubandikwa. Lakini hata baada ya kuubandika, weka chaga za mbao chini ya magunia. Chaga zikiwa na unene wa sentimeta 4 au 5, maji yakiingia yatapita chini yake bila kugusa gunia.

JASHO LA KIFUNIKO

Hii ndiyo sehemu inayowashangaza wengi. Mzigo unaweza kulowa chini ya kifuniko hata kama hakuna tone la mvua lililoingia.

Kila anayepika anajua jambo hili. Wali ukiwa jikoni, ukiinua kifuniko cha sufuria utaona matone upande wa ndani. Maji hayo hayakutoka nje. Yametoka katika wali. Mvuke umepanda, umegusa kifuniko kilicho na ubaridi, umegeuka kuwa maji. Kifuniko cha pikapu hufanya kazi ile ile.

Tuchukue safari ya kwenda Mbeya. Ufuko wa Ziwa Nyasa uko karibu meta 475 juu ya usawa wa bahari. Kyela ni joto, na hewa yake imejaa unyevu. Gari linapakia mchana, kifuniko kinafungwa, na hewa hiyo ya joto inafungiwa ndani pamoja na mzigo. Gari linapita Ibanda, linapanda Tukuyu, linafika Isyonje. Hapo ni juu ya meta 2,000. Kwa kawaida, ukipanda meta 1,000 hewa hupoa kwa karibu nyuzi 6. Kwa hiyo kati ya Kyela na Isyonje kuna tofauti ya nyuzi 9 au zaidi, na usiku tofauti huwa kubwa zaidi. Kifuniko kinapigwa na upepo wa baridi kwa nje. Ndani bado kuna hewa ya Kyela. Jasho linatoka upande wa chini wa kifuniko, na kila gari linaporuka tuta, matone yanaanguka juu ya magunia.

Wasafirishaji wa kakao kwa meli wanaijua sana taabu hii. Kontena hutoka nchi ya joto, huingia nchi ya baridi, na paa lake hutoa maji mpaka inaonekana kama mvua imenyesha ndani.

Sasa, je, maji ya jasho hutoka wapi zaidi? Hutoka katika mzigo wenyewe. Kakao iliyokauka vizuri ina maji karibu sehemu 7 katika 100. Ikizidi sehemu 8, ukungu hupata nafasi ya kuota. Mpunga wa kuweka ghalani nao usizidi sehemu 14. Mkulima akipakia kakao ambayo haijakauka, na kuifungia chini ya kifuniko kigumu, na gari likasimama juani wakati dereva anakula, bodi inakuwa kama jiko. Maji yanatoka katika punje, hayana pa kwenda, yanarudi juu ya magunia. Turubai kidogo lina nafuu hapo, kwa sababu hewa hupita pembeni mwake. Kwa hiyo kifuniko kigumu huulinda mzigo mkavu, lakini mzigo mbichi hukiharakisha kuoza.

Njia za kupunguza jasho si ngumu. Ya kwanza ni kupakia mzigo uliokauka. Chama chenye kipimo cha unyevu kipime kabla ya kupakia, siyo baada ya kufika. Asiye na kipimo achukue punje ya kakao, aibane kwa vidole. Punje kavu hupasuka kwa mlio, na ganda hutengana na kiini. Punje isiyokauka hubonyea. Ya pili ni kutandika magunia matupu makavu, au kadibodi, juu ya mzigo. Matone yakianguka yatanywewa hapo. Ya tatu ni kutoacha gunia liguse kifuniko. Acha nafasi ya sentimeta 5 au zaidi. Pia kifuniko chenye povu katikati hutoa jasho kidogo kuliko kile cha bati tupu, kwa sababu baridi ya nje haifiki ndani upesi.

HARUFU

Kifuniko hufungia hewa ndani, na hewa hubeba harufu. Kakao hunyonya harufu upesi sana. Mchele nao hunyonya, na mchele wa Kyela unapendwa kwa ajili ya harufu yake nzuri. Mtu anayeununua Mbeya au Dar es Salaam huunusa kwanza. Basi pikapu iliyobeba usipa kutoka Matema asubuhi, isifunikwe na kupakiwa kakao mchana. Ioshwe kwa maji na sabuni, iachwe wazi juani mpaka inuke hewa tupu. Dumu la dizeli au la petroli lisikae chini ya kifuniko pamoja na chakula hata kidogo. Mvuke wa petroli ukifungiwa unaweza hata kushika moto.

Usipa wenyewe usifungiwe kwa muda mrefu. Usipa mkavu unataka hewa.

HESABU YA MAGUNIA

Kifuniko kigumu kinakaa juu ya kuta za bodi. Maana yake ni kwamba mzigo hauwezi kupita urefu wa kuta hizo. Hapa ndipo wengi hukosea wanapotaka kununua. Wanaangalia mvua, hawaangalii kimo.

Pima kwa futi ya fundi. Katika pikapu nyingi za siku hizi kuta za bodi zina kimo cha karibu sentimeta 50. Gunia la kakao la kilo 100 likilazwa lina unene wa karibu sentimeta 30. Safu ya kwanza inakaa vizuri. Ukiweka safu ya pili, 30 na 30 ni 60. Magunia yametokeza kwa sentimeta 10, na kifuniko hakifungi. Tena hatujahesabu chaga.

Tuseme bodi ni ya pikapu yenye viti vya nyuma, ile inayoitwa dabo kebini. Urefu wake ni karibu meta 1.5, na upana ni huo huo. Magurudumu yanachukua nafasi pembeni. Safu moja ya magunia makubwa yaliyolazwa itakuwa magunia 3, au 4 yakibanwa. Gari lenyewe linaweza kuchukua karibu tani moja. Mwenye magunia 10, akitumia turubai, anaweza kupeleka yote kwa safari moja. Akitumia kifuniko kigumu, atapeleka 4, kisha 4, kisha 2. Ni safari tatu. Mafuta ni mara tatu. Fanyeni hesabu hiyo darasani kwa bei ya mafuta ya wiki hii na umbali wa kutoka kijijini kwenu mpaka ghalani. Jibu litasema zaidi kuliko maneno yangu.

Viroba vya kilo 25 au 50 vya mchele hujipanga vizuri zaidi. Saruji pia. Gari linalotoka Mbeya na mifuko ya saruji ya kilo 50 hubeba mzigo mzito lakini mfupi, na saruji ikiguswa na maji imekwisha. Hapo kifuniko kigumu kinafaa sana. Ndizi hazifai. Mikungu hupanda juu ya kuta, na hata ikitoshea, hupondeka.

Kifuniko kinaweza kukunjwa ili mzigo mrefu upite. Lakini kikikunjwa, vipande vyote hulala mbele, na theluthi moja ya bodi hubaki chini yake. Tena lazima kifungwe kwa mikanda yake. Dereva asikubali kuondoka kabla ya kuifunga mikanda hiyo, hata kama anakwenda kilometa moja tu. Upepo ukiingia chini ya kipande kilicho wazi hukiinua, hung'oa bawaba, na kinaweza kumwangukia mwendesha baiskeli anayekuja nyuma.

WEZI

Kwa jambo hili kifuniko kigumu kinalishinda turubai. Turubai hukatwa kwa kisu. Anayesimama sokoni Kasumulu au Uyole akinywa chai hawezi kulitazama gari lake kila dakika. Kifuniko kigumu hufungwa kwa ndani, na hakifunguki kabla mlango wa nyuma haujafunguliwa. Ndiyo kusema kwamba kufuli lako ni mlango wa nyuma. Kama kitasa chake ni kibovu, au hakina ufunguo, mwizi atafungua mlango kwanza, kisha kifuniko, bila kuvunja kitu. Tengeneza kitasa kabla ya kununua kifuniko.

WATU NA WANYAMA

Usimfungie mtu chini ya kifuniko hata kama mvua inanyesha. Usimfungie mtoto kwa mchezo, wala utingo kwa kumwonea huruma asilowe. Moshi wa injini una hewa ya sumu ambayo haionekani na haina harufu. Ile hewa inayozunguka nyuma ya gari na kuingiza vumbi huingiza pia moshi huo. Mtu husikia kichwa kuuma, kisha usingizi, kisha haamki. Kuku na mbuzi nao hufa, kwa joto na kwa kukosa hewa.

Pia kifuniko si kiti wala si keria. Kimetengenezwa kubeba uzito ulioenea sawasawa, siyo mtu aliyekaa mahali pamoja. Vijana wetu wana desturi ya kuruka juu ya gari lolote lililosimama. Waambiwe. Bawaba ikipinda mara moja, mpira haukutani tena, na maji yamepata mlango.

JE, FUNDI WETU ANAWEZA KUTENGENEZA?

Anaweza, lakini azingatie mambo machache. Mafundi wengi wa kuchomelea hutumia bamba la chuma. Bamba la meta 1.5 kwa meta 1.5, lenye unene wa milimita 2, lina uzito wa karibu kilo 35, kabla ya fremu na bawaba. Bamba la alumini la kipimo hicho hicho ni kama kilo 12. Uzito wa kifuniko unapunguza uzito wa mzigo, tena chuma kitashika kutu katika mvua yetu.

Naona ni afadhali fremu nyepesi ya mbao ngumu au bomba la chuma, yenye bati juu yake, ikiwa na vipande vitatu. Mbele painuliwe kwa sentimeta 5 kuliko nyuma, ili maji yateremke. Kipande cha mbele kilalie kidogo juu ya kile cha nyuma yake, kama tunavyopanga mabati ya nyumba. Juu ya kila maungio upigiliwe ukanda wa tyubu ya gari iliyokwisha kazi. Ukanda huo hukunjika pamoja na bawaba na kuzuia maji. Fundi apake rangi ndani na nje, na chini ya bati apigilie plaiwudi au kadibodi nzito, ili jasho lisianguke ovyo. Kifuniko cha namna hii hakitapendeza kama cha dukani. Lakini kikiharibika, kitatengenezwa hapa hapa Kyela. Mpira wa kifuniko cha dukani ukikatika, huenda ukaagizwa mbali na kungojewa.

TUSISAHAU TURUBAI

Vifuniko vigumu vya kukunja vinapendwa sana katika nchi kama Marekani, ambako watu wengi wana pikapu za kwenda nazo kazini na sokoni. Mzigo wao mara nyingi ni vifaa vya kazi, mabegi na vyakula vya nyumbani. Kwao kifuniko hicho kinatosha. Mzigo wetu ni magunia, mikungu, matenga na mabati. Sisemi kifuniko ni kibaya. Nasema kilibuniwa kwa mzigo mwingine.

Kwa hiyo bwana afya anayesafirisha dawa, fundi mwenye vyombo vya kazi, au mwenye duka anayeleta sukari na saruji kutoka Mbeya, anaweza kupata faida kubwa kwa kifuniko kigumu. Chama cha msingi kinachokusanya magunia ya wanachama kutoka vijijini kitafaidika zaidi kwa turubai zito lisilopitisha maji, kamba nzuri, na chaga.

Lakini turubai nalo lina kazi yake. Wengi hulitupa juu ya mzigo na kufunga kamba mbili. Katikati panabonyea, maji yanajaa kama bwawa, na uzito wa maji unapasua turubai au unayasukuma yapite kwenye matundu ya kushonea. Panga magunia ya katikati yawe juu kuliko ya pembeni, ili turubai liwe na mgongo kama paa. Upande wa mbele ulale juu ya ule wa nyuma, upepo usiingie chini yake. Pembe zishuke nje ya kuta za bodi, zisiingizwe ndani. Zikiingizwa ndani, maji yote ya turubai yataishia kwenye sakafu, chini ya magunia. Hili la pembe huonekana kila siku barabarani, na linalowesha mizigo mingi bila sababu.

Gari likifika, funika au fungua kufuatana na hali ya hewa, lakini usiache mzigo ulale ndani ya gari usiku kucha. Shusha. Pitisha mkono juu na chini ya kila gunia. Gunia lenye unyevu liwekwe peke yake, lisilazwe pamoja na makavu, kwa sababu unyevu huhama kutoka gunia moja kwenda jingine. Kakao iliyolowa ianikwe siku hiyo hiyo kama kuna jua. Kama hakuna, itandazwe ndani, juu ya mkeka mahali penye upepo, igeuzwe mara kwa mara, na ipimwe tena kabla ya kuingia ghalani.